Jando Bila Mjomba

Khalidi alisema mtoto yuko jandoni, na aliye jandoni hana mama. Alisema hayo akiwa amesimama mlangoni pa ua wake kule Mkunya, panga mkononi, na dalali wa mahakama akarudi nyuma hatua.

Hukumu ilikuwa wazi: Nasibu, mtoto wa miaka saba, akae na mama yake, dada yangu Swaumu, kwetu Chiungutwa. Khalidi, baba yake, aliidharau tangu siku ilipotolewa. Swaumu alipomfuata mtoto kwa amani, alirudi nyumbani bila jino la mbele. Safari hii mahakama ilituma dalali na mgambo mmoja, na ilikuwa lazima iwe leo. Mke mpya wa Khalidi kwao ni ng'ambo ya Ruvuma, na majirani walikuwa wameshaona mizigo inafungwa. Mtoto akivuka mto yuko nchi nyingine, na karatasi ile ya hukumu tungefungia karanga.

"Mama Nasibu," yule dalali, Mzee Anwari, akamwambia dada yangu kwa upole, "jando ni jando. Mwanamke haingii kumbini. Tusubiri watoto watolewe."

Swaumu akanigeukia. "Kaka, wewe walikwambia?"

Hapo ndipo nilipochemka. Kwetu huku, uwe Mmakua uwe Mmakonde, mtoto wa kiume haingii jandoni mpaka mjomba wake aridhie. Mjomba ndiye anayemkabidhi kwa ngariba. Na mjomba wa Nasibu ni mimi, Nurdini, peke yangu, Swaumu hana kaka mwingine. Hakuna aliyenipigia hodi. Khalidi kazaliwa humu humu na mila anazijua, ila mwongo akibanwa husahau hata kwao.

"Shemeji," nikamuuliza, "mtoto alikabidhiwa na nani?"

Akalishika panga kwa mikono miwili. Mzee Anwari naye ni mtu wa huku huku Newala, haikumchukua muda kuelewa.

"Hakuna jando hapa," akasema. "Pisha njia, Baba Nasibu."

Hakupisha. Panga lilishuka nikainua mkono, likanipata chini ya kiwiko, nikauona mfupa wangu mwenyewe. Maumivu sikuyasikia, nilikuwa na hasira tu. Nikampiga kichwa cha kifua, tukaanguka wote wawili, damu yangu ikimwingia machoni. Mgambo akamtwanga rungu la kifundo cha mkono, tena na tena, mpaka panga likamtoka.

Ingetosha hapo. Lakini Swaumu alikuwa ameshauchomoa mchi kwenye kinu. Akampiga Khalidi mgongoni, akampiga mbavuni, na mbavu zikalia. Mzee Anwari alimsihi aache, mimi sikumsihi. Ningekuwa na mikono miwili mizima ningemsaidia, na sioni haya kulisema.

Mgambo akaenda kuvunja mlango wa chumba cha uani. Nasibu akatoka mbio, kipande cha kamba kikiburuzika mguuni. Baba yake alikuwa amemfunga kama mbuzi. Nilijua atamkimbilia mama yake. Akampita, akajitupa juu ya Khalidi na kumfunika kichwa kwa mikono yake miwili.

Mchi ulikuwa juu. Swaumu akauzuia hukohuko hewani.

Mtoto akamtazama. Akajitahidi kusema kwa adabu, vile mtoto anavyomsemesha mtu mzima anayemwogopa.

"Shikamoo, Mama. Naomba usimpige tena."

Mchi ukamponyoka dada yangu. Mzee Anwari akajifuta jasho, akasema kazi ya mahakama imekwisha, mama ampokee mtoto wake twende zetu.

Swaumu akainama, akanyoosha mikono. Nasibu akafumba macho na kuukinga uso.