Alama ya Leo

Watu wa wilaya yetu walikuwa wakiniita Bi Vichuguu, na wengi wao nilishawafukuza na mbuzi wao, jembe mkononi. Kazi yangu ni kulinda vilima vya makaburi ya kale. Kwa asiyejua, kilima cha kaburi na kichuguu kikubwa ni ndugu. Mimi huwaambia kichuguu kimejengwa na mchwa, lakini hivi vimejengwa na watu waliojitwika udongo vichwani kabla ya chuma kufika huku, wakamlaza mtu wao katikati na kumfunika. Majina yao hatuyajui, hata moja.

Adui wa kilima si mwizi wa dhahabu, maana dhahabu haimo, ingawa ukiwaambia watu hivyo wanakukonyeza. Adui ni nungunungu. Anachimba, anaingia, anazaa humo, na mvua ikinyesha maji yanapita alikopita yeye, kilima kinatitia. Kwa hiyo tunaziba mashimo, na kuziba kuna sharti lake. Kabla ya kurudisha udongo, unaweka chini kabisa kitu cha siku zako chenye mwaka juu yake, ili mtaalamu atakayechimba baada ya miaka elfu asidhani shimo letu ni la kale na kuanza kuwasingizia marehemu. Sisi tulitumia vizibo vya soda, tukigonga mwaka kwa msumari. Tunaviita alama ya leo. Huzibi bila alama ya leo, kama usivyokula bila kunawa.

Mwaka huo ofisi iliniruhusu kuchukua kibarua mmoja, nikamchukua mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Mtasema ni upendeleo, semeni. Ana nguvu za punda na maneno ya kinyozi, na mtu wa kufyeka mteremko mzima kwa panga bila kunung'unika haokotwi njiani.

Mama yetu alikuwa mkunga wa zahanati mpaka alipostaafu. Nusu ya wilaya hii ilitua duniani mikononi mwake, na nusu nyingine ni watoto wa hao. Hakuweza kupita sokoni bila kusimamishwa. Hata mwanaume mwenye ndevu zake alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamtangazia mbele za watu kwamba alitanguliza miguu. "Mtoto aliyepita mikononi mwangu simsahau," alikuwa akisema, na ilikuwa kweli. Nilikaa naye mimi, kwa sababu sikuolewa, na hilo halimhusu mtu.

Ndiye pia aliyenishikia fimbo. Kila mwaka baada ya mvua tunapiga picha kila kilima, pale pale penye kigingi, na lazima mtu asimame kando ameshika fimbo ya kupimia yenye rangi nyekundu na nyeupe ili ukubwa ujulikane. Mama hakukubali mwingine afanye kazi hiyo. Alivaa gauni lake la bluu na kuiinamisha fimbo kidogo upande wa kushoto, kila mara, na kila mara nilimgombeza.

Mambo yalianza sokoni. Muuza nyanya, ambaye mama alimleta duniani kwa taabu kubwa, alimruka kwenye foleni akawahudumia waliokuwa nyuma yake. Mama alicheka. Baadaye akaenda zahanati kupimwa presha, na muuguzi ambaye mama mwenyewe alimfundisha kazi akamuuliza jina mara tatu. Alirudi akakaa kitandani na viatu miguuni.

"Leo nimekuwa mtu wa kuulizwa jina," akasema.

Nilipandwa na hasira. Nikajifunga kibwebwe niende nikamwonyeshe yule muuguzi adabu. Nilipofika mlangoni nikasimama, nikiwa nimeshika komeo. Sikukumbuka nilikuwa naenda wapi. Nikarudi kuosha vyombo.

Siku nyingine nilipika, nikapakua sahani mbili, yangu na ya mdogo wangu aliyekuwa akipita jioni. Mara mwanamke mzee akatokea kwenye mlango wa jikoni, nikashtuka mpaka mwiko ukaniponyoka. Alikuwa mama. Nilimtambua, lakini neno lenyewe lilinichelewea mdomoni, nikajiambia ni uchovu. Alichukua sahani mwenyewe akajipakulia kilichobaki kwenye sufuria.

Kisha zikaja picha. Ofisini, mkuu wangu alikuwa akizipitia kwenye kompyuta, akaniita.

"Hii fimbo umeisimamishaje?"

Nilisogea. Kilima Kikubwa kilikuwa pale, nyasi zake zimefyekwa vizuri, na kando yake fimbo nyekundu na nyeupe imesimama peke yake, imeinama kidogo upande wa kushoto. Hakuna aliyeishika. Nilimwambia afungue picha za mwaka uliopita, na za nyuma yake. Fimbo ilikuwa imesimama hewani katika zote. Lakini kwenye nyasi kulikuwa na vivuli viwili: kivuli chembamba cha fimbo, na kando yake kivuli kinene cha mtu aliyevaa gauni.

Nilikitazama kile kivuli mpaka macho yakaniuma. Nilijua kwamba nampenda mwenye nacho, ila sikumjua ni nani.

"Labda upepo," alisema mkuu, na hata yeye hakujua upepo ufanye nini.

Niliondoka pale bila kuaga. Njiani nilikuwa nikijilazimisha kukumbuka, nikishika kitu kimoja kisiniponyoke: gauni la bluu, gauni la bluu. Nilifika nyumbani nikihema. Nilipita sebuleni, nikapita chumbani kwangu, nikafungua stoo. Ila haikuwa stoo. Kilikuwa chumba cha mama, na kitandani nilikuwa nimepanga magunia ya mahindi kwa mikono yangu mwenyewe. Mama alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwenye nafasi ndogo iliyobaki.

"Uliniwekea magunia kitandani," alisema. "Nikaona nisikusumbue."

Nililia mbele yake. Nilishusha magunia yale moja moja huku nikilia, naye ananiambia niinue kwa miguu, nisije nikajiumiza mgongo. Kitanda kilipokuwa wazi akajilaza na kuniuliza, kama mtu aulizaye habari za kawaida, "Ile nishani yangu, fundi ameshaichomea pini? Nilimpa mdogo wako aipeleke."

Alipostaafu walimpa nishani ya shaba. Jina lake lilichongwa juu, na chini yake mwaka.

Mdogo wangu nilimkuta Kilima Kikubwa, jua la adhuhuri utosini, ameketi kwenye kivuli cha kichaka akinoa panga.

"Nishani ya mama iko wapi?"

"Mama yupi, dada?" Akacheka. "Sisi si yatima?"

Nilimpiga kofi. Sijawahi kumpiga tangu akiwa mdogo. Alishika shavu, akanikodolea macho, na nikaona anatafuta kitu kichwani kama mtu anayepapasa kiberiti gizani.

"Kulikuwa na kitu cha shaba," alisema polepole. "Chenye mwaka. Siku ile wingu lilikuwa linakuja, wewe uko vilima vya kule chini, na mimi nimeishiwa vizibo. Nikakikuta mfukoni. Nikasema, kwani vizibo vya soda ndivyo vikumbukwe miaka elfu, na... na yeye asikumbukwe?" Akaliweka panga chini. "Dada, nilikuwa namsemea nani?"

Mtu mwingine angemzuia kibarua asitie dhahabu. Mimi sikuwahi kufikiria kumkataza mtu kutia jina.

Kuchimba kilima kilichohifadhiwa ni jela. Najua, kwa sababu niliwahi kusimama mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya watu waliofanya hivyo, na nilifurahi walipofungwa. Nilichukua jembe nikachimba. Hapakuwa na upepo, wala ndege hawakulia. Udongo ulikuwa laini na wa baridi, ingawa juu nyasi zilichoma miguu. Kina kilipozidi urefu wa mpini nililala kifudifudi, nikatumbukiza mkono hadi bega likagusa ukingo. Vidole vikaigusa shaba.

Haikuja. Kuna kitu kilikuwa kimeishika. Hakikuvuta wala hakikung'ang'ana kwa nguvu. Kiliishika tu, kama mtoto mchanga anavyoshika kidole chako, na ukimnyang'anya unamwonea. Niliivuta. Nilisikia vidole vikifunguka kimoja kimoja.

Nishani ilikuwa imeng'aa kuliko siku mama alipopewa. Jina lilikuwa limelika. Herufi za mwisho zimekuwa laini kabisa, kama zilizopapaswa na mtu anayejifunza kusoma, akirudia na kurudia.

"Dada," alisema mdogo wangu nyuma yangu, sauti imembadilika. "Mama amekula kweli? Nimeondoka asubuhi hata sikumsalimia."

Nikacheka kwa sauti kwa furaha. Nikatoa kizibo mfukoni, nikakigonga mwaka, nikakitupa chini, tukafukia na kushindilia kwa miguu. Niligeuka kuokota jembe. Nilipogeuka tena shimo lilikuwa wazi. Kizibo kilikuwa juu ya nyasi pembeni, kimelazwa vizuri, mwaka ukitazama juu, kama mtu anavyokurudishia zawadi asiyoihitaji.

"Tumuwahi mama," nilimwambia mdogo wangu, nishani ingali mkononi mwangu, ili nimsikie atajibu nini.

"Mama yupi?"

Tukafukia tena. Nilitia vizibo vyote nilivyokuwa navyo. Vikarudi vyote, vimepangwa mstari ukingoni. Mwonja asali haonji mara moja.

Nilikitukana kile kilima. Nilitaja matusi ambayo mama angenichapa kwayo. Kisha hasira ikanitoka, nikamwonea huruma huyo aliye ndani. Amelala humo tangu lini, watu wanapita juu yake, wengine kama mimi wanampima urefu na kumpiga picha, na hakuna hata siku moja aliyemwita. Halafu siku moja jina likamwangukia mkononi. Mimi pia nisingeliachia.

Nilimtazama mdogo wangu. Ana mke, ana watoto wanaomkimbilia njiani wakimwita baba. Nikatazama kifuani kwangu. Beji ya kazi, ya chuma, jina langu na mwaka nilioajiriwa. Niliivua bila kufikiri sana, kwa sababu ningefikiri ningeivaa tena. Nilitumbukiza mkono. Ilipokelewa taratibu.

Tukafukia. Shimo likatulia.

Nyumbani tulimkuta mama uani amezungukwa na watu. Muuza nyanya alikuja na kikapu kizima, anaapa hajui shetani gani alimpitia. Muuguzi alikuwa akilia. Mama aliponiona mlangoni aliniita kwa jina, kwa sauti ya kumwita mtoto aliye mbali, na nikasimama pale pale nisiitike upesi ili aniite tena. Aliniita tena.

Nilizila siku zile kama mtu anayelamba chungu. Ofisini walianza kunipita na salamu, kisha wakaweka mashine ya kunakili juu ya meza yangu, kisha mkuu akaniuliza kwa adabu kama nimehudumiwa. Wachunga mbuzi nao wakawa wananipa shikamoo badala ya kunikebehi, na hapo nikajua mambo yameiva. Mdogo wangu siku moja alinipisha njiani na panga lake. "Shikamoo, mama," akasema. "Angalia, huko mbele kumehifadhiwa, hawaruhusu kupita." Nikamuuliza anayelinda ni nani. Alifikiri kidogo. "Mtu yupo," akasema.

Mama ndiye aliyechelewa kuliko wote. Alipigana. Usiku nilimwona akinitazama mezani, kijiko kimesimama, akitafuta neno, na nilijua neno gani. Asubuhi moja nilimkuta akifagia chumba changu. Akaniambia kwa upole kwamba mgeni halipishwi hapa, ila angependa kujua ninaondoka lini.

Ningeweza kuchimba tena. Nimekaa juu ya kile kilima na jembe magotini zaidi ya mara moja. Lakini aliyemo atadai mwingine, na kifuani kwa mama nishani inang'aa, na sokoni hawamwachi apite.

Mvua zilipokwisha nilikwenda kupiga picha, kwa sababu nyasi hazijui kwamba nimesahaulika. Nilimkuta mama amenitangulia Kilima Kikubwa, gauni la bluu, fimbo mkononi. Hakujua nani alimtuma. Alijua tu kwamba mvua zikiisha husimama pale.

"Wewe ndiye mpiga picha?" aliniuliza. "Mtoto wa nani?"

"Nimezaliwa hapa hapa."

"Hapa hapa?" Alifurahi, akaegemeza fimbo begani. "Basi nimekushika mimi. Njoo nikuone. Mtoto aliyepita mikononi mwangu simsahau."

Alinishika kidevu. Akanigeuza uso kwenye mwanga, kushoto, kisha kulia. Vidole vyake vilinukia sabuni ile ile. Alinitazama muda mrefu, na paji la uso likamkunjana, na kwa kitambo kidogo nilifikiri amenijua.

"Hapana, mwanangu," alisema, akaniachia. "Wewe hukupita kwangu. Ningekukumbuka."

Nilirudi kwenye kigingi, nikamwambia anyooshe fimbo, imeinama upande wa kushoto.