Shikamoo Bila Miwani

Mzee Mwenyewe hakuwa akipokea shikamoo ya mtu aliyevaa miwani. Karakana ile aliianzisha yeye, akaihangaikia miaka kabla ya kumwachia mwanawe, kwa hiyo alilolisema lilikuwa sheria, na hakuna aliyethubutu kuuliza sheria hiyo imetoka kichwa gani. Akitokea mlangoni, miwani ya kazi ilipandishwa kipajini, ngao za uso zikainuliwa, na kila fundi akamwamkia macho wazi. "Mtu aliyejificha uso nitajuaje kama ananiheshimu au ananibinulia midomo?" ndivyo alivyozoea kusema, na mafundi walicheka kile kicheko cha mtu anayetaka kesho arudi kazini.

Tena basi angekuja watu wamepumzika, mashine zimezimwa, mtu angesema sawa. Wapi! Mzee alipenda kuja kazi ikiwa imepamba moto. Alipenda kuona cheche zikiruka huku na huko, halafu apige kikohozi chake pale mlangoni na kila kitu kisimame kwa ajili yake. Ila havikuwa vikisimama vyote. Aliyempa mgongo hakumwona, na kwa kelele za mle ndani kikohozi cha mzee hakikuwa kitu, kwa hiyo mara nyingi nusu ya mafundi walikuwa wakiamkia na macho yao nje huku nusu nyingine wakiendelea kukata vyuma.

Kinoo, fundi wa kuchomelea, jambo hilo lilimkera hadi kwenye mifupa. Ndiye mwanamke pekee aliyekuwa akifanya kazi pale, na jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi wake. Walisema ukikaa naye karibu lazima utoke na makali. Kuhusu macho alikuwa hana mzaha. Ole wako ujiguse jicho na glavu mbele yake. Ole wako uifute miwani kavukavu kwa kona ya shati, maana alikuwa akikupokonya, akaipeleka bombani, akaimwagia maji na sabuni vumbi la chuma lishuke kwanza, kisha anakurudishia huku akikuambia kwamba ukiisugua hivyo itachubuka, ukishaona ukungu utaivua, na ukishaivua usije kwake kulia. Jioni aliwalazimisha wenzake wainame na kukung'uta nywele kabla ya kuvua miwani, wasije wakajimwagia chembe machoni wakiwa wamemaliza kazi salama. Walimtania kwamba ameolewa na bomba la maji. Hakujali.

Aliyemsumbua akili zaidi alikuwa mdogo wake wa kiume, waliyekuwa wakimwita Mstaarabu. Kinoo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na akamlea kwa adabu hata ikapitiliza. Kijana alikuwa akimwamkia mtu anayeongea na simu, kisha anasubiri mpaka simu iishe ajibiwe. Alikuwa akiliomba radhi toroli akiligonga. Kazi yake ilikuwa ya grenda, ile mashine ya mkononi yenye jiwe linalozunguka, ya kusugua viungo vya mageti mpaka viwe laini. Mikono yake ilikuwa mizuri sana kwa kazi hiyo. Ukipitisha kidole kwenye geti alilolisugua yeye, huwezi kujua chuma kimeungwa wapi.

"Akija yule mzee mwamkie na miwani yako," Kinoo alimwambia si mara moja. "Shikamoo inatoka mdomoni. Haitoki kwenye kope."

"Dada, lakini atajisikia vibaya."

"Ajisikie!"

"Ni mtu mzima, dada. Ni sekunde tu."

Asubuhi ya siku yenyewe walikuwa wakimalizia geti kubwa la milango miwili, limelazwa juu ya mabenchi katikati ya karakana. Kinoo alikuwa upande wa juu akichomelea nakshi. Mstaarabu alikuwa akisugua upande wa chini. Nyuma yake, hatua chache tu, fundi mmoja waliyemwita Bubu, ambaye bubu hakuwa bali alikuwa mvivu wa kusema, alikata nondo akiwa ameupa mlango mgongo. Mzee Mwenyewe akatokea. Akakohoa.

Kinoo alizima, akainua ngao yake, akasema "Shikamoo, mzee" kwa sauti ya mtu anayetema mbegu. Mstaarabu aliweka grenda chini taratibu, akapandisha miwani kipajini, akageuka kabisa, mwili mzima, na kuinama kidogo kama alivyofunzwa. Bubu hakuwa amesikia chochote. Jiwe la mashine yake lilikwaruza nondo, cheche zikaruka kwa mkupuo mmoja mrefu, na Mstaarabu akafunika uso kwa viganja viwili kabla hajamaliza neno shikamoo.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtia Kinoo uchungu kila alipolikumbuka baadaye, kwamba hata kupiga kelele aliona ni kukosa adabu. Alipiga magoti tu kwenye sakafu iliyojaa unga wa chuma akisema, "Samahani, kuna kitu kimeingia, samahani."

Na mzee alisema nini? Mzee aliunyoosha mkongojo wake kumwelekea Bubu. "Yule pale mbona hajaniamkia?"

Kinoo alifungua mdomo amjibu. Lakini jicho kwanza. Alimkamata mdogo wake mikono yote miwili, akaivuta chini. "Usisugue! Nasema usisugue! Fumba, tulia, naleta maji." Akakimbilia bombani, akaosha mikono, akatafuta chombo safi, na katika karakana ile kupata kikombe kisicho na mafuta wala rangi ilikuwa kazi. Alipata kimoja cha karatasi, akakisuuza, akarudi mbio maji yakimwagika.

Akamkuta Bosi, mtoto wa mzee, amempakata Mstaarabu kichwa mapajani. Kope la juu amelikunja kwa kidole gumba cheusi kwa grisi. Mkono wa pili ameshika njiti ya kiberiti.

Ndivyo walivyozoea pale. Chembe ikiingia jichoni anaitwa Bosi, Bosi anavunja njiti, analainisha ncha kwa mate yake, anachokora. Alijiona bingwa. Aliwahi kujigamba kwamba amewatoa watu vyuma vingi machoni kuliko sumaku.

"Toa mkono!" Kinoo alipiga ukelele hata Bubu akazima mashine. "Toa huo mkono wako machoni kwa mdogo wangu!"

"Kinoo, tulia, nimeshaigusa, inakaribia kutoka..."

"Nimesema toa!"

Aliisukuma ile njiti ikaruka huko. Akamwagia jicho maji polepole, maji yakatiririka hadi sikioni, lakini ile chembe haikutoka. Ilikuwa imekaa, nukta nyeusi, kwenye kioo chenyewe cha jicho, na weupe wote kuizunguka umeiva. Kinoo alichukua kile kikombe cha karatasi, akakikata, akakibandika juu ya jicho pasipo kuligandamiza, akamshika mdogo wake kiuno na kutoka naye. Wakipita mlangoni Mstaarabu alisimama. Aligeuza kichwa upande aliodhani mzee yupo.

"Samahani, mzee, sikumaliza kukuamkia."

Kinoo alimvuta kwa nguvu nusura wadondoke wote wawili.

Hospitalini daktari wa macho, mama mmoja mpole mwenye mikono midogo, alimkalisha kwenye mashine ya kutazamia, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani amechokora hapa?"

Kinoo aligeukia dirishani, maana alijua akifungua mdomo atatukana.

"Chuma kilikuwa na shimo lake dogo," daktari akaendelea, "lakini hapa pembeni pamekwaruzwa. Pamekwaruzwa kwa kitu kichafu."

"Ni bosi wetu," Mstaarabu akasema. "Alikuwa anajaribu kunisaidia."

Kile chuma kilitolewa. Uchafu wa ile njiti ndio uliokataa kutoka. Jicho likaota kidonda, kidonda kikatiwa dawa usiku na mchana, Kinoo akawa analala ameketi ili asipitiwe na saa ya matone. Kidonda kilipopona kiliacha kovu jeupe katikati, mahali hasa mwanga unapopita. Mstaarabu alipofumba jicho zima na kutazama kwa lile jingine, alisema anamwona dada yake kama mtu aliye nyuma ya pazia. Alilisema hilo akitabasamu, ili dada asihuzunike. Kinoo alitoka nje akasimama kwenye veranda ya hospitali akalia kwa hasira, si kwa huzuni. Watu walipita wakimtazama naye akawatazama vilevile.

Daktari alimwambia wazi. Kijana sasa ana jicho moja la kulitegemea maisha yake yote. Miwani isibanduke akiwa karibu na mashine, iwe yake au ya jirani, awe anafanya kazi au anapita tu. Watu husema kitu kitunzwe kama mboni ya jicho, na yule mama alikuwa anawaomba waitunze mboni yenyewe, basi, namna hiyo hiyo.

Kinoo alikwenda karakana peke yake kwanza. Hakwenda kuomba chochote. Alikwenda kusikia mtu akisema "tumekosa." Bosi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya kibao chenye picha ya kichwa cha mtu aliyevaa miwani, kibao kilichoandikwa LINDA MACHO YAKO, ambacho yeye alikigeuza msumari wa kutundikia koti.

"Pole sana," Bosi alisema. "Lakini tuambiane ukweli, Kinoo. Miwani nilimpa, sikumpa?"

"Ulimpa."

"Akavua mwenyewe, au mimi nilimvua?"

"Alivua kumwamkia baba yako!"

"Basi. Alivua mwenyewe."

Mzee naye alikuwapo, pembeni, mkongojo katikati ya magoti. Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Mimi niliomba heshima, binti yangu. Sikumwambia mtu aumie."

Sasa hapo utajibu nini?   Kila mmoja kati ya wale wawili alikuwa na mikono misafi, wa kwanza kwa sababu alitoa miwani na wa pili kwa sababu aliomba heshima, na lile jicho likabaki limejiharibu lenyewe. Kinoo alitoka hapo, na njiani akawa anajibu kwa sauti, peke yake, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia kibaraza akamuuliza kama anaumwa.

Kinoo angeacha kazi, ila Mstaarabu alikataa kukaa nyumbani. Mikono ilikuwa inamwasha. Alisema kusugua chuma ni kazi ya vidole kuliko macho, na kwamba akikaa tena siku moja akiwahesabu kuku wa jirani atakuwa kichaa. Kinoo alimnunulia miwani mpya inayofunga pembeni zote, yenye mpira wa kuzunguka kichwa, akamfunga mwenyewe asubuhi ile kama anavyofungwa mtoto viatu. Wakaingia pamoja. Wenzake walimpokea vizuri, wakamtania, Bubu akamshika mkono kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga. Kazi ikaanza.

Na mzee akaja.

Kinoo alisikia kikohozi kwa sababu masikio yake yalikuwa yakikingoja. Karibu na ukuta Bubu alikuwa anakata bomba, jiwe lake linalia, cheche zinaruka mpaka katikati ya karakana. Kinoo alimtazama mdogo wake. Mstaarabu alikuwa ameshaweka grenda chini. Alikuwa ameshageuka, mwili mzima. Na mkono wake wa kulia ulikuwa unapanda wenyewe, kwa utaratibu, kama mkono wa mtu aliyelala anayefukuza nzi, vidole vikatafuta ukingo wa ile miwani mpya.

Kinoo hakujua alivyoruka. Alijikuta yuko mbele yake, kiganja chake kimeibana miwani usoni kwa mdogo wake, kwa nguvu, hata kijana akarudi nyuma akagonga benchi. Geti lililolazwa juu yake likalia. Bubu aligeuka, akaona, akazima. 

"Ondoa mkono, binti," mzee alisema. "Muache mtoto aniamkie."

"Ameshakuamkia, mzee."

"Lini? Sijamsikia."

"Siku ile." Sauti ya Kinoo ilikuwa ndogo, naye mwenyewe akaishangaa. "Alikuja hapa na macho mawili. Moja amekuamkia nalo na halikurudi. Hili lililobaki si la kuamkia mtu."

Bosi aliinuka kwenye kiti chake, kisha akabaki amesimama hivyohivyo, hajui aende upande gani. Mzee alisubiri. Alikuwa amezoea kusubiri pale mlangoni mpaka apewe chake. Aliwatazama mafundi mmoja mmoja, na Bubu, ambaye kwa mazoea miwani yake ilikuwa imeshafika kipajini, aliivuta chini ikarudi machoni, akamtazama mzee kupitia humo. Mwingine akafuata. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemcheka.

"Shikamoo, mzee," Mstaarabu alisema kutoka chini ya kiganja cha dada yake, kwa adabu ileile ya siku zote.

Mzee hakusema marahaba. Aligeuka, mkongojo ukagonga saruji, na Kinoo hakuutoa mkono wake usoni kwa mdogo wake mpaka sauti ya ule mkongojo ilipoishia barabarani.