Laptopu na Mwenyewe

Mchapaji aliinunua laptopu ile mtandaoni, na picha hazikudanganya hata chembe: kioo safi, vitufe vyote vipo, betri nzima. Muuzaji aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akaiwasha, ikawaka, wakashukuriana. Muuzaji hata kona hajakata, laptopu ikajifunga na kudai neno la siri.

Mchapaji akampigia simu.

"Hilo siuzi," alisema muuzaji. "Nimekuuzia laptopu."

"Sasa nitaifunguaje?"

"Nitakuja kukufungulia, dada. Usiwe na wasiwasi."

Bwana yule alikuwa na neno la siri moja tu maishani. Ndilo la benki, la simu, la barua pepe. Alishawahi kulibadilisha, akalisahau jipya, akateseka mpaka akakoma. Mchapaji akamwomba basi aliondoe kabisa kwenye laptopu.

"Tuiache wazi? Na wezi je?"

Basi kila asubuhi muuzaji alipiga hodi, akainama juu ya vitufe, akakinga mkono kama mtu anayewasha kibiriti kwenye upepo, akabonyeza. Na kwa kuwa laptopu ilijifunga kila ilipoachwa kidogo, ilibidi abaki. Mwanzoni alikaa ukingoni mwa kiti. Baadaye akaleta ndala zake. Mama yake mchapaji, ambaye hajawahi kumpokea mgeni bila kumuuliza anaondoka lini, akaanza kumwekea chai na kumwita mkwe.

"Mama!"

"Kwani nimesema nini? Mtu yuko hapa kutwa, nimwite fundi bomba?"

Ikafika siku ya kumalizia kitabu cha mteja mkubwa, yule ambaye asipokipata kabla ya saa nane mchana angehamishia kazi zake zote kwingine. Muuzaji akachungulia begani.

"Hapo mkato umezidi."

Uvumilivu ukamwisha mchapaji. "Chukua ndala zako uende! Mikato yangu haikuhusu!"

Akaenda. Mchapaji akaenda kunawa uso, hasira zipoe. Aliporudi, laptopu imejifunga, na kitabu kizima kimo ndani.

Akameza kiburi, akakimbia mpaka kwa muuzaji, mtaa wa nyuma. Alimkuta sebuleni na mzee mmoja aliyekumbatia rimoti kifuani.

"Huyu ndiye aliyeniuzia televisheni," muuzaji alisema kwa unyonge. "Rimoti hakuuza."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaongeza sauti ya televisheni kidogo.

"Na wewe unamvumilia?" mchapaji aliuliza.

"Mwanzoni nilikasirika. Siku hizi akichelewa, nachungulia dirishani."

Mchapaji akatazama saa. "Twende, kaka. Nakuomba."

Walifika wanahema. Muuzaji akavaa ndala zake, alizorudi nazo kwapani, akakaa mbele ya laptopu. Safari hii hakukinga mkono. Aliinua kidole juu kabisa, pasipo na kificho.

"Tazama ulishike," alisema bila kumwangalia. "Nimekusumbua vya kutosha."

Akabonyeza herufi moja, akangoja, akabonyeza nyingine. Mchapaji akasogea karibu. Akiliona tu, kesho atafanya kazi peke yake, kimya, mikato yake yote salama.

Akageuza uso, akatazama ukuta mpaka laptopu ilipofunguka. Kisha akakaa, akamaliza kitabu, akakituma kabla ya saa nane.

"Umeliona?" aliuliza muuzaji.

"Sijaona kitu. Kesho usichelewe."