Titi la Kuazima

Tangu utotoni, Mdogo ndiye aliyekuwa akichomwa sindano za watu wawili. Siku ya chanjo shuleni pacha wake, Mkubwa, alianza kutapika hata kabla ya kumwona muuguzi, basi Mdogo anachomwa, anageuza sweta, anarudi kwenye foleni kuchomwa tena. Walifanana mno, mpaka mama yao alikuwa akimlisha mmoja mara mbili na mwenzake analala njaa. Kwa hiyo hospitali ilipomwita Mkubwa akatolewe vipande vya nyama vya kupimwa kwenye titi la kushoto, naye akajifungia chooni akilia, mambo yalikuwa wazi.

“Kwanza huna uvimbe wowote,” Mdogo alimwambia mlangoni, maana alikuwa amembinya kifua kizima asipate kitu. “Kitu hakishikiki, wao wanakiona wapi? Lete kadi nikachomwe, yaishe!”

Jamani, ujasiri wa mtu huyu ulikuwa umeitangulia akili.

Huko hospitalini mpiga picha za matiti, mama mmoja asiye na simile, alilibana titi la Mdogo katikati ya vibao viwili likawa bapa kama shati chini ya pasi.

“Usicheke wala usikohoe,” alisema. “Mashine inapiga hesabu vidoa vilipo, sindano inafuata hapo hapo. Ukitikisika, tunatoboa pasipohusika.”

“Vidoa gani tena?”

Akaonyeshwa picha ya mwezi uliopita: punje nyeupe zimekusanyika mahali pamoja, kama chumvi iliyomwagika. Vingi havina neno, mama yule alieleza, ila vingine ndio mwanzo wa saratani, na huwezi kujua mpaka uvitoe uvipime. Kisha akapiga picha mpya. Akaikodolea macho. Akapiga nyingine, akamwita daktari.

“Chumvi imeenda wapi?” daktari aliuliza, akazilinganisha picha mara mbili. “Mama, hapa sina cha kulenga. Labda zile za mwanzo zilichanganywa na za mtu mwingine. Titi hili ni safi.”

Mdogo nusura apige vigelegele. Ameshinda! Hakuchomwa, na dada yake anarudi nyumbani na cheti kisafi. Furaha ikamkatikia njiani. Kama mashine inaona palipo safi, basi na ile chumvi iliiona kweli, na chumvi yenyewe imekaa kwenye benchi pale nje, ndani ya Mkubwa aliyemsindikiza. 

“Dokta,” alisema, bado amebanwa, “titi hili silo. Mwenyewe ni pacha wangu, yuko nje, amevaa miwani ya jua.”

“Yaani siku hizi mnaazimana matiti?” mpiga picha alimaka.

“Tumezoea kuazimana vitu.”

Daktari alicheka, halafu akaacha kucheka. “Kama ni pacha wako, huenda mmefanana mpaka ndani. Basi na la kulia tulipige.”

Wakalipiga. Mpiga picha, aliyekuwa na la kusema juu ya kila jambo, safari hii alimgeuzia tu kioo ajionee. Chumvi ilikuwepo, kidogo tu, lakini ilikuwepo.

Mkubwa alipoitwa aliingia na matusi yote mdomoni, tayari kumrarua msaliti. Akamkuta mdogo wake ameketi na gauni la hospitali. Akaambiwa. Akavua miwani.

“Sindano siogopi,” Mdogo alisema. “Naogopa majibu, dada.”

Mkubwa, ambaye hajawahi kuchomwa kitu kwa hiari yake, alianza kufungua vifungo vya blauzi. Akavuta kwa pupa, kimoja kikaruka chini ya mashine.

“Ondoka hapo kitini,” alisema. “Naanza mimi.”

Akabanwa. Akachomwa ganzi. Ile sindano nene ikapiga kelele ya kushtua, ikazama pale mashine ilipoelekeza, ikatoka na kauzi ka nyama kembamba. Machozi yalimtiririka Mkubwa mpaka shingoni, na hakutikisika.

“Haiumi hata kidogo, mdogo wangu!” alipaza sauti, macho ameyafumba kabisa. “Wala huisikii!”

Mdogo alijua ni uongo mtupu, maana uso ule ndio anaouona kwenye kioo kila asubuhi. Akaupokea hivyo hivyo, akasogeza kiti kingine karibu kungoja zamu yake.