Shati la Fundi

Fundi seremala alikuwa amekwisha, na hakutaka mtu ajue. Randa ilimshinda kabla jua halijapanda, na kitandani aligeukia ukuta hadi mkewe akaanza kuhisi ana mwanamke wa nje. Akaona afadhali adhaniwe mhuni.

Daktari alimpima damu asubuhi mbili, akamwambia homoni yake ya kiume imeshuka mno, akampa jeli ya kupaka mabegani.

"Ukishapaka, nawa mikono, uvae shati. Mtoto asikuguse hapo kabisa."

Shati ndilo lililompa tabu. Tangu aoe alikuwa akiranda mbao uani kifua wazi. Akivaa shati, mkewe angeuliza, naye angejibu nini? Kwa hiyo alipaka chooni kwa siri, akanawa mikono, akatoka kifua wazi kama kawaida yake.

Nguvu zikarudi. Mkewe akaanza kuimba jikoni. Na mjukuu wao, binti wa miaka minne, aliendelea kusinzia begani kwa babu kila mchana, shavu likiwa juu ya ngozi.

Miezi ikapita. Siku moja mkewe alirudi kutoka hospitali na yule mjukuu, aliyekuwa ameota nywele makwapani.

"Wameniuliza kama nyumbani kuna mtu anapaka dawa ya homoni," alisema. "Nimewaapia hakuna."

Mtoto akamkimbilia babu, mikono juu, abebwe. Fundi akarudi nyuma, akachomoa shati kwenye kamba ya nguo, akalivaa likiwa bado bichi.

Mkewe akamtazama akihangaika na vifungo.

"Baba," akauliza taratibu, "mbona leo unavaa shati?"