Kamera ya Kushoto

Asubuhi nzima nilizungusha ubao wa miraba myeusi na myeupe mbele ya kamera mbili, nikiuinamisha huku na kule mpaka mabega yakafa ganzi, ili kompyuta ijue kila kamera imekaa vipi na mwenzake. Ikishajua hilo, inapima umbali, na roboti inafahamu inyooshe mkono mpaka wapi. Ya kushoto niliigeuza kidogo kwa makusudi, zote mbili zitazame mkanda unaopitisha chupa. Baada ya hapo hakuna kugusa. Hata mtu akipumua karibu nazo namkata jicho.

Mchana nikashuka getini kupokea wateja. Niliporudi nao na kuwasha mtambo, mkono wa roboti ulishuka, ukapitiliza, ukasaga kreti zima la chupa. Vioo viliruka hadi kwenye viatu vyao. Wakaaga kwa adabu, ile adabu ya watu wasiorudi.

Nikatupia jicho kamera. Ya kushoto ilikuwa imenyooka sawasawa, na lenzi yake ina michirizi ya kitambaa kibichi. Jengo zima lina mfagizi mmoja, naye ndiye aliyenizaa.

Alikuwa tayari ameinama anazoa vioo. "Pole, mwanangu," akaninong'oneza. "Na nilivyojitahidi! Nimekufutia vumbi kwenye vile vidude vyako. Kimoja kilikaa upande, nikakinyoosha, wageni wasije wakakucheka."

Bosi akaingia amefura. "Nani kaharibu kamera? Nimjue sasa hivi, maana leo ndiyo mwisho wake hapa!"

Mama ana magoti mabovu na umri wa kupumzika. Akitoka hapa nani atampa ufagio? Mimi nina ujana na mdomo wa kujieleza, sitakosa pa kujishikiza. Nikapiga moyo konde.

"Ni mimi. Sikukaza skrubu."

"Chukua mkoba wako, utoke."

Hapo mama akaweka ufagio chini. "Bosi, baba yangu, nakuomba. Huyu tangu mdogo ni wa kulipua kazi. Nimemsema mpaka nimechoka. Msamehe kwa ajili yangu."

Mafundi wote wakanitazama. Nilitamani kupiga kelele, nimwambie mbele yao ni nani aliyenifukuzisha kazi. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka, tena ya aibu, kwa ajili yangu.

"Muombe msamaha, mwanangu," akasema, akinivuta mkono.

Nikaomba.