Betri Kuukuu na Chanjo ya Kuku

Usiku wa kuamkia leo niliota friji ya gari langu inakufa, na ndani mna chupa ishirini za chanjo ya kideri.

Gari hilo ndilo nyumba yetu. Mimi na mke wangu, Mama Kiula, tunalala humo, tunazunguka minada ya Iramba tukichanja kuku. Friji inakula umeme wa jua kutoka kwenye paneli ya juu. Chanjo ikipita nyuzi nane, ni maji tu.

Kipimajoto kikafungua mlango wa friji, kikatoa kichwa.

"Nyuzi tano," kikasema.

"Umeme umekwenda wapi?"

"Waulize wenye kuutunza."

Betri zangu mbili zimekaa kitandani, mahali pa mke wangu. Moja mpya. Nyingine ina miaka sita na ndevu nyeupe za asidi. Nilizifunga bega kwa bega, kwa sababu ndivyo tunavyofanya sisi: ukinunua kipya, cha zamani hukitupi, unakiunga humo humo.

"Shikamoo," naiambia ile ya zamani.

"Marahaba, mwanangu. Kiu tu." Inainama, inamnyonya mwenzake shingoni.

"Baba," inasema mpya, "kila ninachopata anakunywa huyu. Mpaka jioni nitakuwa kama yeye."

"Nyuzi sita," kinasema kipimajoto.

Napanda juu ya gari kutafuta umeme zaidi. Juu si juu tena, ni kituo cha mizani barabarani. Volti thelathini na sita zimepanga foleni, kila moja na furushi kichwani. Getini amekaa kontrola, mwenye kupitisha umeme wa paneli kwenda kwenye betri, yule niliyemnunua kwa sababu alikuwa rahisi. Ana panga.

"Betri zako za volti ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Za kuzichaji ni kumi na nne, hizo zipite. Zilizobaki, mtaroni." Anazisukuma kwa ubapa wa panga. Ishirini na mbili zinaanguka na mafurushi yao. Nimezihesabu.

"Mkuu, hizo zangu! Zibadilishe basi ziongeze hata mkondo wa umeme."

"Kubadilisha ni kazi ya kaka yangu. Ulimwona dukani, ukasema ana maringo ya bei."

Nyuma ya volti kuna kuku. Foleni yao sioni mwisho. Wa mbele ni tetea mwekundu.

"Fundi, tone langu la chanjo ya jichoni liko wapi?"

"Linakuja, mama."

Anang'oa unyoya bawani, ananikabidhi. "Hiyo namba yangu. Usiipoteze."

"Nyuzi saba!" kinaita kipimajoto kutoka chini.

Narudi kwa kupita juu ya waya wa friji. Ni mwembamba, na unaunguza nyayo.

"Usinikanyage," waya unasema. "Kwa volti kumi na mbili nabeba mzigo mara mbili. Betri zingesimama moja nyuma ya nyingine, zikafika ishirini na nne, ningebeba nusu. Ila ziwe pacha."

"Sina pacha."

"Basi huyo mzee mshushe, mpya apumue."

Nashika spana. Nafika kitandani.

"Mwanangu," inasema betri ya zamani, "Kiula alizaliwa kwa taa yangu. Leo unaniacha njiani?"

Spana iko kwenye nati. Kuzungusha mara moja tu. Nasimama pale, namwonea haya.

"Nyuzi tisa," kikasema kipimajoto, kikajifungia ndani.

"Baba Kiula!" Mke wangu ananitikisa. Kumekucha. "Unamwamkia nani? Shikamoo mara tatu, na mimi nakuitikia kama mjinga!"

Nilikwenda kwenye friji. Nyuzi kumi na moja. Katikati ya chupa palikuwa na unyoya mwekundu, na humu ndani hatujawahi kupakia kuku.

"Nilikwambia usiziunge hizo betri," alisema Mama Kiula taratibu.

Nikatoa chupa moja moja, nikazipanga chini. Ishirini. Kila chupa, kuku mia mbili. Kuku elfu nne, na yule tetea akiwa wa kwanza.